Jani la Isale Kwenye Kiatu

Mchanga wa juu ya Kilimanjaro niliuona kwenye beseni kabla sijauona mlimani. Una rangi ya kijivu, laini kama majivu ya jikoni, na hauishi. Unafua koti la mgeni, mchanga unatoka. Unarudia, unatoka. Unalianika, linakauka, unalikung'uta, bado unatoka. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Moshi mjini. Nafua vifaa vya kupandia mlima kwenye duka linalovikodisha: makoti, suruali za mvua, mifuko ya kulalia, na soksi ambazo sitazielezea kwa sababu kuna watu wanasoma huku wanakula. Kila kitu kinachopita mikononi mwangu kimefika nisikofika mimi.

Na mimi nimezaliwa chini ya huo mlima. Kwetu ni Chekereni, kwenye mpunga. Ukiinua uso kutoka kwenye jaruba unakuta mlima unakutazama. Tunasema leo umetoka, leo haujatoka, kama vile ni jirani mwenye maringo. Halafu nikaolewa na mwanamume wa Kilema, huko juu kwenye migomba, mlima ukawa kama umekaa juu ya bati la wakwe zangu. Mume wangu mwenyewe ni mgumu. Sizungumzii tabia, ingawa na hiyo anayo. Huku kwetu wagumu ni wale wanaobeba mizigo ya wageni mlimani. Yeye hupanda, hushuka, hula, hulala, hupanda tena. Nikimuuliza juu kukoje, ananijibu, "Baridi."

"Baridi tu?"

"Na mawe."

Mtu amefika juu ya Afrika nzima, anarudi nyumbani na maneno mawili. Ndoa hii.

Basi wazo lilipotoka kwa mwenyekiti wetu, mimi ndiye niliyenyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Sisi ni kikundi cha kina mama wa mtaa wa Soweto, hapahapa Moshi, tunaofanya mazoezi asubuhi, wengi tulianza baada ya kujifungua, tumbo likiwa limekataa kurudi mahali pake. Mwenyekiti ni fundi cherehani, mama wa Kiislamu wa hapahapa mjini, anakimbia na hijabu yake na hakuna anayempita. Siku hiyo alisimama katikati ya uwanja akashika kiuno.

"Nyie, tumezunguka huu uwanja kama kuku wenye mdondo. Mnachoka na nini? Twendeni mlimani."

"Kileleni?" mmoja akauliza.

"Kileleni utaenda na mumeo. Sisi tunaenda mpaka Horombo, kituo cha pili. Tunalala, tunaona mawingu yako chini yetu, tunarudi. Nani anakwenda?"

Mkono wangu ulikuwa juu tayari, na binti yangu mgongoni, ambaye wakati huo alikuwa amejifunza kutembea na kukataa, naye akanyoosha wake. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona mawingu yako chini yangu.

Kuanzia hapo sikuwa mtu wa kawaida. Niliacha kupanda bodaboda. Mwenzetu mmoja, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alitufungulia ngazi za jengo lao tukawa tunapanda na kushuka kila asubuhi kabla wateja hawajafika, mpaka mama mkwe wake akatoka na kikombe cha chai kuuliza kama kuna moto. Nilichagua vifaa vyangu dukani kama bibi harusi anayechagua gauni. Tajiri wangu alisema nichukue ninachotaka kwenye rundo la vilivyoachwa na wageni. Kulikuwa na viatu viwili vya saizi yangu: vya kahawia, vizito, vibaya kama vya mlinzi, na vingine vya bluu na kamba za njano, vizuri, vimekaa kwenye rafu miaka havijavaliwa na mtu. Kweli mnafikiri nilichukua vya kahawia?

Kiongozi wa msafara alikuja kutupa maelekezo. Tunywe maji hata kama hatuna kiu. Twende taratibu, anayekimbia ndiye anayerudishwa. Kichwa kikiuma tuseme, tusijifanye mashujaa. Nilisikiliza vile ambavyo sikuwahi kumsikiliza mwalimu yeyote sekondari. Usiku nilimrudishia mume wangu yote. Akasema, "Hayo yote ninayajua." Nikamwambia, "Ungeyasema basi."

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa linanyonya.

Mtoto chini ya umri fulani haruhusiwi kule, na hata angeruhusiwa, nisingempeleka kwenye baridi ile. Mume wangu wiki hiyohiyo alikuwa na wageni wake, anapandia upande mwingine. Mama yangu Chekereni alikuwa shambani kuanzia alfajiri anaamia ndege, mpunga umeanza kubeba, na huko mbu wakati huo hawana adabu. Aliyebaki ni mmoja: mama mkwe, Kilema. Na mama mkwe nilikuwa sisemi naye.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja tulipanda Kilema baada ya misa. Mama mkwe alikuwa amepika mtori, ule mtori wake mzito wa ndizi na nyama ambao alinilisha tangu najifungua mpaka nguo zote zikanikataa. Wifi zangu walikuwepo, na majirani. Nami kwa furaha yangu nikatangaza: jamani, naenda mlimani.

Mama mkwe akaacha kupakua. "Mlimani wanapanda wagumu na wazungu. Wewe ni yupi?"

Watu wakacheka. Ningecheka nao, mambo yangeisha. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kitu hicho kila mahali: kwa mume, kwa jirani, kwa muuza mkaa. Eti mama anayenyonyesha atapata wapi pumzi. Eti nimuache mtoto niende kutembea. Wazungu wanaacha watoto wao ng'ambo ya bahari wanakuja kupanda mlima wetu, na sisi tunawapigia makofi na kuwapikia supu. Mimi wa hapa chini, nimuombe nani ruhusa?

Nikasema, "Mama, mwanao anaitwa mgumu kwa sababu anabeba begi. Mimi nimembeba mtoto wake tumboni, nikamzaa, mpaka leo yuko mgongoni na hakuna aliyenilipa hata soda. Sasa mgumu hapa ni nani?"

Nikaweka bakuli chini, mtori umejaa, unafuka moshi. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka.

Mume wangu alinifuata mpaka tukafika barabara kubwa. Halafu akasema, "Umemkosea mama."

"Kwa kusema ukweli?"

"Maneno atayasahau. Umeacha mtori."

Basi huo mtori ukakaa katikati yetu wiki baada ya wiki. Yeye hakupiga simu. Mimi sikupiga. Nikaamua kwanza nimwachishe mtoto ziwa, hilo lilikuwa mikononi mwangu. Nikapaka mwarobaini, kama walivyofanya wa kwetu. Binti yangu akaonja, akakunja uso, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyeona mwenzake amejichafua. Akapangusa kwa kiganja, taratibu, pande zote, akaendelea. Nikapaka tena. Akapangusa tena. Nilivyokasirika! Lakini moyoni nikasema huyu naye akikua atapanda.

Mwenyekiti hakuwa na subira. "Mwanangu, nakupenda, lakini nafasi yako kuna mtu anaitaka. Jumamosi tuna matembezi ya mwisho ya kujipima. Tunashuka Himo, tunapanda kwa miguu mpaka Kilema, mpaka msitu unapoanzia. Na kwa mkweo ni njiani. Jumamosi hiyohiyo nataka kusikia mtoto anabaki na nani. Ukikosa, unabaki."

"Nitamuuliza."

"Utamuomba radhi?"

"Nitamuuliza, nimesema."

Jumamosi mlima ulitoka mzima, mweupe juu, hakuna wingu hata la kufutia kioo. Nilikuwa na furaha mpaka naona aibu. Kila mtu aliambiwa abebe mzigo wa kuzoea. Wenzangu walibeba madumu ya maji, mimi nikabeba binti yangu, na dumu halikuvuti nywele ukiwa unapanda. Tulianza kwenye joto na vumbi la Himo tunaongea wote kwa pamoja. Kadiri tulivyopanda tukaongea wachache, halafu mmoja mmoja, halafu ikabaki migomba tu na maji yanayokimbia kwenye mifereji pembeni ya njia. Kahawa ilikuwa imeiva. Watoto wa vihamba, yale mashamba ya ukoo huku juu, walitoka kutushangaa: "Mnaenda wapi?" "Mlimani!" "Na huyo mtoto?" "Huyu ndiye kiongozi wetu!" Miguu ilikuwa inaniwaka na nilitaka njia iendelee tu.

Tulikuwa tumebakiza mwinuko mmoja kufika kwa wakwe ndipo kiatu changu cha kulia kilipofungua mdomo. Sisemi kilichanika. Soli yote ilibanduka kuanzia mbele mpaka kisiginoni, ikawa inapiga chini pwa, pwa, kama ndara. Kumbe gundi ya kiatu kinachokaa rafuni miaka hufa yenyewe, bila kuaga. Mimi ninayefanya kazi kwenye duka la viatu hivyo! Mwenyekiti akakaa chini kabisa kucheka.

"Uzuri wa bluu huo," alisema. "Kiambie kiimbe tena."

Nilikuwa na hasira na tajiri wangu, na kiwanda kilichokitengeneza, na kamba za njano. Nikageuka kutafuta cha kufungia. Pembeni kulikuwa na uzio wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo huku wanapanda kwenye mipaka ya vihamba. Jani refu, gumu, halikatiki. Kwetu Chekereni kitu kikifumuka unakata jani la tete lililo karibu, unafunga, maisha yanaendelea. Nikakata jani moja la isale, nikazungusha kwenye kiatu, nikapiga fundo juu. Likakaza vizuri sana. Nikatembea mbele ya wote.

Sasa, mtu yeyote aliyeolewa Uchaggani ameshaambiwa habari ya isale. Ukimkosea mtu, unakwenda kwake na jani hilo, limepigwa fundo, na aliyekosewa hawezi kukataa kukusamehe. Hata kama ni ugomvi wa damu. Nilikuwa najua. Lakini niliyajua kama mambo ya vikao, ya wazee wa ukoo na ng'ombe na pombe ya mbege. Sikuyafikiria pamoja na kiatu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, anamenya ndizi. Nikaingia uani, wenzangu nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama chini. Kisu kikatulia kwenye ndizi. Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga, na nikaona macho yamemlainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekuja na isale."

Nikaangalia kiatu changu.

"Karibuni wote mkae," akawaambia wenzangu, akageukia upande wa jirani na kuita kwa Kichagga. Jirani akachungulia kwenye uzio, na mwingine nyuma yake. Akawaonyesha mguu wangu. Wale wamama wakaweka mikono kifuani. Mmoja akasema, "Aika," yaani ahsante, akaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Mwenyekiti akanifinya kiunoni. Akanong'ona, "Nyamaza. Umeshafika. Nyamaza tu."

Na kweli, ningenyamaza ningekuwa nimepata kila kitu. Lakini nilikuwa sijaomba radhi, na sikutaka kwenda mlimani kwa radhi nisiyoomba. Pia, nisiseme uongo, sikutaka ashinde kwa kosa la gundi.

"Mama," nikasema, "hii ni kamba."

"Nini?"

"Ni kamba ya kiatu. Soli imeachia hapo chini, nikafungia. Sikuja kuomba radhi. Nimekuja kukuomba unilelee mtoto niende mlimani."

Mwenyekiti akafunga macho. Mama mkwe akainama, akashika kile kiatu kwa vidole viwili, akakigeuza na mguu wangu ukiwa ndani yake, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mtoto mgongoni. Akavuta lile fundo. Halikulegea.

"Toka Himo mpaka hapa umepita migomba mingapi?" akaniuliza.

"Mingi."

"Na kila mgomba una magamba makavu yananing'inia. Huku kwetu mtu akitaka kufunga kuni, anafungia gamba la mgomba. Akitaka kufunga mbuzi, gamba la mgomba. Mtoto mdogo anajua. Wewe umeyapita yote ukaenda kukata isale, ukalipiga fundo, ukaniletea nyumbani."

"Sikujua, mama. Sisi wa mpunga…"

"Najua ni wa mpunga!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko. "Na kwenye mguu! Nani analeta msamaha kwenye mguu? Wewe mtoto ni mkorofi mpaka ukiomba radhi unaikanyaga."

"Lakini sikuomba…"

"Nyamaza. Jani ni jani. Limeingia kwangu na fundo lake, majirani wameona. Sasa mimi nikikataa, watanisemaje?" Akaniangalia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba na yeye alikuwa amechoka na ule mtori. Alikuwa anatafuta mlango, kama mimi, na akaona uko kwenye kiatu changu. "Mtoto anabaki kwangu. Ila kwanza kuna bakuli uliliacha."

Akapakua. Nikakaa kwenye gogo, hasira yote bado iko kifuani lakini haina tena pa kushika, nikala. Wenzangu wakala. Mwenyekiti alikula kama aliyerudi kutoka vitani. Nilipomaliza la kwanza nikapewa la pili bila kuulizwa, na hilo nalo nikamaliza, kwa sababu kuna mambo hata mimi nikifundishwa mara moja nashika. Binti yangu alikuwa tayari ameshikilia ndizi mbivu huku na huku, anamfuata bibi yake jikoni.

Wakati naondoka, mama mkwe alilikata lile jani kwenye kiatu kwa kisu chake cha ndizi, akaniletea gamba la mgomba lililoloweshwa, akafunga mwenyewe, imara. Jani akaingia nalo ndani.

Akarudi akasimama karibu yangu, akasema polepole ili wengine wasisikie: "Huko juu, hivi nyumba yangu inaonekana?"

"Sijui, mama. Hujawahi kupanda?"

"Nipande na nani? Nimeishia kwenye kuni, pale msitu unapoanzia. Mwanangu nimemuuliza. Anasema baridi."

"Na mawe," nikasema.

"Na mawe," akasema. Tukacheka wote wawili juu ya mwanamume mmoja. "Utaniangalizia?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema mabati ya Kilema yote yanafanana, nitajuaje la kwake? Akawaza. Akasema atatandaza kanga nyekundu juu ya paa, ile kubwa ya harusi ya wifi yangu, na ikiwa haitoshi ataongeza na shuka.

Siku ya kuondoka nilivaa vile viatu vya kahawia vya mlinzi. Tulipita Kilema asubuhi kumwacha mtoto, gari zima linaimba, mimi nikiwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kutembea bila kugeuka nyuma. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa. Nikamkabidhi kwa bibi yake. Binti yangu akaniangalia na koti langu, na kofia yangu ya sufu, akanipungia mkono, akaomba ndizi.

Hakulia! Hata kidogo! Mtoto niliyempaka mwarobaini akaupangusa, leo ananiaga kama mteja. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mwenyekiti akanisukuma ndani ya gari: "Ingia wewe. Ulitaka alie ili nani apande?"

Gari likaanza kuzunguka kona kuelekea kwenye geti la kupandia mlima. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa na mabega, upepo wa asubuhi unanipiga, ninacheka na kulia, mlima mbele yetu umetoka wote. Nikageuka nyuma, ndiyo, niligeuka. Hatukuwa tumefika hata getini, hatukuwa tumepanda hatua moja. Na mama mkwe alikuwa tayari juu ya ngazi, na kanga nyekundu nusu imetandikwa juu ya bati, na chini binti yangu ameshikilia pindo la pili, anavuta kwa upande wake.

Nikawapigia kelele kwa nguvu zangu zote. "Inaonekana! Mama! Inaonekana!"